Doa jeusi lisilowasha: jinsi VVU inavyoamsha saratani ya Kaposi

Mvuvi wa Kabonga, kando ya Ziwa Tanganyika, akiota doa chini ya unyayo, mara nyingi hulipuuza. Haliwashi, haliumi, wala halimzuii kupanda mtumbwi usiku kwenda kuvua ndagala. Miezi inapita, madoa yanaongezeka, mguu unavimba na kuwa mgumu, na maneno yanaanza mtaani: amekanyaga uchawi, au ni matende. Kumbe huenda ni saratani ya Kaposi, na huenda ndiyo dalili ya kwanza kwamba anaishi na virusi vya Ukimwi (VVU).

Saratani hii ina jina la Moritz Kaposi, daktari wa ngozi wa Vienna aliyeieleza mwaka 1872. Kwa Wazungu ilikuwa nadra, ikiwapata zaidi wanaume wazee. Huku kwetu, Burundi, Rwanda, Uganda na mashariki mwa Kongo, ilikuwa ikionekana mara nyingi hata kabla ya Ukimwi, kiasi kwamba mwaka 1961 wataalamu walikutana Kampala kuijadili. Wagonjwa wengi walikuwa wanaume wenye vinundu miguuni, na waliishi navyo kwa miaka.

Mapema miaka ya 1980 hali ilibadilika. Huko Lusaka, Zambia, daktari wa upasuaji Anne Bayley aliona Kaposi ya namna nyingine: inashika vijana, inaenea kwenye tezi na mapafu, na inaua upesi. Wanawake nao wakaanza kuugua kwa wingi kuliko zamani. Ukimwi ulikuwa umeingia.

Virusi viwili, mwili mmoja

VVU peke yake haileti Kaposi. Mwaka 1994, Yuan Chang na Patrick Moore waligundua jijini New York kirusi kinachohusika, kiitwacho HHV-8. Huambukizwa zaidi kwa mate, na Afrika Mashariki watu wengi hukipata wakiwa watoto, ndani ya familia. Walio wengi hawaumwi maisha yao yote, kwa sababu kinga ya mwili hukidhibiti.

VVU inaposhambulia seli za kinga ziitwazo CD4, udhibiti huo hulegea. HHV-8 huzaliana na kufanya seli za kuta za mishipa midogo ya damu zikue ovyo. Ndiyo maana doa huwa na rangi ya damu iliyovilia: zambarau kwenye ngozi nyeupe, kahawia nzito au nyeusi kwenye ngozi yetu. Na kwa kuwa HHV-8 ilikuwa imeshaenea katika ukanda huu wa maziwa, VVU ilipofika ilikuta njia imeshafunguliwa.

Nini cha kuangalia

Madoa au vinundu visivyowasha miguuni, usoni au puani. Mguu mmoja kuvimba bila kuumia. Fungua kinywa mbele ya kioo, mchana, utazame kaakaa: doa la zambarau hapo ni dalili nzito. Kukohoa damu au kupata choo cheusi kunaweza kuonyesha kwamba ugonjwa umefika kwenye mapafu au tumbo. Kwa macho tu hauthibitishwi. Hospitalini hukatwa kipande kidogo cha nyama kikapimwe maabara.

Tiba ipo

Dawa za kupunguza makali ya VVU ndizo msingi. Madoa yakiwa machache, zenyewe zinaweza kuyafifisha. Ugonjwa ukiwa umesambaa, huongezwa dawa za saratani kama vile paclitaxel au doxorubicin. Mara chache madoa huongezeka wiki chache baada ya kuanza dawa za VVU, kwa sababu kinga imeamka. Usiache dawa, rudi kwa mganga wa kituo. Usijinunulie prednisone dukani ili kupunguza uvimbe, kwani hudhoofisha kinga na kuichochea Kaposi.

Wavuvi na wafanyabiashara wa ziwani wana kazi moja zaidi. Ukivuka kwenda Kigoma au Kalemie, beba dawa za kutosha pamoja na kadi yako ya matibabu, maana kukatiza dawa ndiko kunakoipa Kaposi nafasi. Na mwenye doa ambaye hajui hali yake aanzie kituo cha afya kilicho karibu, apimwe VVU, kisha aombe rufaa mguu ungali unakunjika.