Kuchora Picha Dhahania na Kuipa Jina

Mwalimu wa sanaa awapapo wanafunzi kazi ya kuchora picha dhahania, yaani picha isiyoiga sura ya kitu chochote, swali la kwanza aulizwalo ni, "Tuchore nini?" Akijibu, "Choreni furaha", au "Choreni vita", kazi imekwisha haribika. Mmoja atachora uso unaocheka, mwingine bunduki. Kwa maana jina limetangulia, na mkono hauna budi kulifuata. Yafaa jina lije mwisho.

Rangi ya akriliki huusaidia sana utaratibu huu. Huzimuliwa kwa maji, lakini ikishakauka maji hayawezi kuiyeyusha tena. Tabaka jembamba hukauka kabla ya kipindi kwisha, na rangi nyingine yaweza kupakwa juu yake bila ya hizo mbili kuchafuana. Basi mwanafunzi aanze na rangi moja iliyozimuliwa sana, aitandaze karatasi nzima, angoje, atazame, ndipo achague ya pili. Hiyo ya pili huchaguliwa kwa sababu ya ile ya kwanza, wala si kwa sababu ya kitu kilicho nje ya karatasi. (Brashi zikae majini, akriliki ikizikaukia, ni za kutupwa.)

Picha ikiisha itundikwe ukutani, itazamwe kwa mbali, hata kichwa chini. Mwalimu asiulize, "Hii ni nini?" Aulize, "Jicho lako limeanzia wapi, likaenda wapi?" Jina litokane na majibu hayo.

Wako wachoraji waliokataa majina. Jackson Pollock wa Marekani alianza mwaka 1948 kuzipa picha zake namba, ili mtazamaji asitafute kitu ndani yake. Hata hivyo picha yake Namba 1 ya mwaka 1950 yajulikana zaidi kwa jina la Ukungu wa Urujuani, alilolipendekeza mhakiki Clement Greenberg. Mchoraji asipotaja, wengine humtajia.

Kwa walimu, mfano ulio bora zaidi ni mwalimu mwenzao, Alma Thomas, Mmarekani mweusi aliyefundisha sanaa katika shule moja ya Washington kwa miaka 35, akastaafu mwaka 1960. Mwaka 1972, akiwa na umri wa miaka 80, picha zake zilionyeshwa peke yake katika jumba la Whitney, New York. Mwaka huo huo alichora kwa akriliki Usiku wa Nyota na Wanaanga: vipande vifupi vya buluu vimejaa turubai, na karibu na ukingo wa juu pana sehemu ndogo yenye wekundu na manjano. Bila ya jina, sehemu ile ni doa. Kwa jina lile, ni watu wachache katika anga kubwa mno. Na buluu yote iliyobaki mtazamaji ameachiwa aisafiri mwenyewe.

Mwanafunzi aruhusiwe kubadili jina hata mara tatu. Majina aliyoyaacha ayaandike kwa penseli nyuma ya picha, na mwalimu ayasome kabla ya kutoa alama.