Mkono Wangu Uliuza Uwanja wa Watoto

Wahenga walinena kuwa mficha uchi hazai. Nami, baada ya kulifunika jambo moja kwa miaka mingi, nimeona heri nilitoe hadharani mbele ya walimu na wanafunzi, kwani hao ndio niliowakosea.

Nilikuwa diwani wa baraza la wilaya kwa miaka 10. Niliingia katika uchaguzi wa Desemba 29, 1992, ule wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka mingi ya chama kimoja, nikatoka mwaka 2002. Wanafunzi wa leo huenda wakalisikia neno diwani katika somo la historia tu, kwa maana mabaraza yote 175 yaliondoka baada ya uchaguzi wa Machi 4, 2013, na mahali petu pakachukuliwa na wawakilishi wa wadi 1,450 katika mabunge ya kaunti 47.

Diwani alikuwa nani hasa? Katika somo la Jiografia, Historia na Uraia la mfumo wa 8-4-4, watoto walikariri kazi zake kwa nambari: kuwawakilisha wakazi, kutunga sheria ndogo ndogo, kusimamia masoko. Hayo yalikuwa kweli, lakini hayakuwa yote. Diwani alikuwa mtu wa kugongewa mlango kabla ya jogoo la pili. Huyu ng'ombe wa jirani amemlia mahindi; yule mwanawe amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo; mwingine ana maiti hospitalini na hana gari la kuileta nyumbani. Akina mama wa sokoni nao walikuja kunung'unika kwamba hulipa ada kila siku, ilhali choo cha soko kimefurika tangu mwezi uliopita.

Uwezo wetu, hata hivyo, ulikuwa mdogo kuliko matumaini ya waliotuchagua. Sheria ya mwaka 1969 ilikuwa imekwisha kuyapokonya mabaraza ya wilaya shule za msingi, afya na barabara, zikawa mikononi mwa serikali kuu. Ule mgao wa asilimia 5 ya kodi ya mapato kwa ajili ya mabaraza nao haukuwapo bado. Ulikuja kwa sheria ya mwaka 1998. Tulibaki na ada za soko, leseni, ushuru wa mazao, na ardhi.

Hapo kwenye ardhi ndipo palipo na kisa changu. Chini ya katiba ya zamani, ardhi ya amana ilikuwa chini ya baraza la wilaya kwa niaba ya wakazi. Amana ni neno zito. Aliyewekewa amana si mwenye mali. Kazi yake ni kuilinda mpaka mwenyewe aihitaji. Sisi madiwani tulilitamka neno hilo kila kikao, lakini wengi wetu hatukulizingatia.

Katika wadi yangu palikuwa na mto mdogo uliotenganisha kijiji na shule ya msingi. Wakati wa kiangazi maji hayakufika magotini. Masika yalipoingia, mto ulijaa, na watoto wa ng'ambo wakakaa nyumbani siku 3 au 4 mfululizo, huku wenzao wakiendelea na masomo. Wakati wa kampeni niliahidi daraja la miguu. Niliwasilisha ombi hilo barazani mwaka wa kwanza, nikajibiwa hakuna fedha. Mwaka wa pili jibu likawa lile lile.

Mwaka 1995, mwenyekiti wa kamati moja ya baraza letu aliniita kando baada ya kikao. "Mheshimiwa," akaniambia kwa sauti ya upole, "wewe una daraja lako, nami nina ajenda yangu. Mkono mtupu haulambwi."

Ajenda yenyewe ilikuwa orodha ya viwanja vilivyopendekezwa kugawiwa watu binafsi. Kimoja kiliandikwa kuwa ni sehemu iliyo wazi karibu na soko, isiyotumika. Nilikijua kiwanja hicho vyema. Kilikuwa uwanja wa michezo wa shule ile ile ambayo nilitaka watoto waifikie kwa daraja. Hapo ndipo walipocheza kandanda, na hapo ndipo palipofanyiwa mbio za magunia siku ya wazazi. Kilikuwa wazi kwa sababu watoto huhitaji mahali palipo wazi ili wakimbie.

Juma moja kabla ya kikao, mwalimu mkuu alifika kwangu jioni akiwa na karatasi kuukuu iliyokunjwa kwa uangalifu. Ilikuwa ramani ya shule iliyochorwa kwa mkono na mwalimu aliyemtangulia. "Mheshimiwa," akasema, "nimesikia fununu kuhusu uwanja wetu. Shule haina hati. Tuna karatasi hii tu, na wazee wanaokumbuka mipaka."

"Mwalimu, usiwe na wasiwasi," nikamjibu. "Nitalifuatilia." Alinishukuru, akamaliza chai yake, akaenda zake akiwa na imani nami.

Siku ya kikao ilipofika, jambo hilo halikuchukua hata muda wa kunywa kikombe cha chai. Karani alisoma orodha. Mwenyekiti akauliza ni nani anayependekeza, mmoja wetu akapendekeza. Akauliza ni nani anayeunga mkono. Akanitazama. Nikainua mkono wangu wa kulia. Nyuma ya ukumbi palikuwa na benchi la wananchi waliotaka kusikiliza. Siku hiyo halikuwa na mtu hata mmoja.

Muhula wa 3 ulipofunguliwa, watoto walikuta uwanja umezungushiwa uzio wa mabati. Siku chache baadaye viranja wawili walikuja nyumbani kwangu wakiwa wamevaa sare safi, wakanikabidhi barua iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri. Waliandika kwa adabu kwamba wanaomba kujua uwanja wao umekwenda wapi. Niliwaambia nitaijibu barua yao. Sikuijibu.

Daraja lilijengwa mwaka uliofuata. Nilivishwa shada, akina mama wakaniimbia, nami nikatoa hotuba ndefu kuhusu maendeleo. Mwaka 1997 nilichaguliwa tena. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilikuwa mgema aliyesifiwa mno.

Kwa miaka mingi nilijiliwaza kwa maneno mawili. La kwanza, kwamba sikupokea hata senti moja. La pili, kwamba daraja lile limewavusha watoto wengi, na huenda limewaokoa wengine wasizame. Yote mawili ni kweli. Mwaka 2013, mabaraza yalipokuwa yakikabidhi majalada kwa kaunti, nilimwomba karani mmoja aniruhusu kusoma kumbukumbu za kikao kile. Nilipata mstari mmoja tu, nao ulikuwa na jina langu: ndimi niliyeunga mkono. Barua ya viranja haikuwamo, wala ramani ya mwalimu, wala daraja. Atakayesoma kumbukumbu zile hatajua kamwe kwamba watoto walicheza pale. Atajua tu kwamba ardhi isiyotumika iligawiwa kwa kufuata utaratibu.

Hapo ndipo liwazo langu lilipovunjika. Wazazi wa watoto wale walilipa ada ya soko kila siku na ushuru wa mazao kila msimu. Daraja lilikuwa haki yao tangu mwanzo. Uwanja nao ulikuwa haki yao. Nilichofanya ni kuwauzia haki yao moja kwa bei ya haki yao nyingine, kisha nikasimama juu ya daraja nikapigiwa vigelegele.

Msidhani wadi yangu ilikuwa ya pekee. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, iliyoundwa mwaka 2003 na kutoa ripoti yake mwaka 2004, ilieleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria kote nchini: misitu, viwanja vya michezo, ardhi za shule na za masoko. Mabaraza, yaliyokuwa yamewekwa kuwa walinzi, yalihesabiwa miongoni mwa wakosaji. Niliposoma habari hizo sikuweza kusema wamesingiziwa. Kikulacho ki nguoni mwako, na wananchi walikuwa wametuvaa sisi.

Kuna watakaosema kwamba hayo yalikuwa ya zamani, kwamba Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010 imekwisha kuziba mianya. Ni kweli kwamba Katiba hiyo ni nzuri. Kifungu cha 62 kinaeleza ardhi ya umma ni ipi. Kifungu cha 40 kinasema kinaganaga kwamba ulinzi wa mali haumhusu aliyeipata kinyume cha sheria. Kifungu cha 196 kinayataka mabunge ya kaunti yaendeshe shughuli zao kwa uwazi na kuwashirikisha wananchi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 nayo inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi mbele ya bunge la kaunti. Laiti mwalimu yule angekuwa na silaha hizo mwaka 1995!

Hata hivyo, Januari 19, 2015, zaidi ya miaka 4 baada ya Katiba hiyo kuzinduliwa, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road jijini Nairobi walirushiwa vitoza machozi na polisi walipokuwa wakipinga ukuta uliojengwa kwenye uwanja wao wa michezo. Taifa zima liliona aibu, na uwanja ukarejeshwa. Lakini tujiulize: uliokoka kwa sababu ya kifungu cha Katiba, au kwa sababu watoto na watu wazima waliokuwa pamoja nao walikataa kunyamaza? Sheria haiwezi kwenda yenyewe kuketi kwenye benchi la wananchi. Lazima mtu aende.

Ndiyo maana nathubutu kusema kwamba uwanja wetu haukuibwa usiku na majambazi. Ulichukuliwa mchana, kwa ajenda iliyochapishwa, mbele ya benchi tupu. Mkosaji wa kwanza ni mimi niliyeinua mkono. Lakini mkono wangu ungekuwa mzito zaidi kuinuka kama mwalimu yule, na wazazi 10, na wale viranja wawili wangekuwa wameketi pale nyuma wakinitazama. Najua ninavyosema. Nilikuwa mwanasiasa, na hakuna kinachomtisha mwanasiasa kama macho ya watu wanaomjua kwa jina.

Sasa nawageukia walimu. Najua mwalimu mkuu anayesema sana huogopa uhamisho. Basi asiseme peke yake. Halmashauri ya shule ipo, wazazi wapo, na wanafunzi wa zamani wapo. Ulizeni kama shule yenu ina hati iliyoandikwa kwa jina la shule, na kama hamna, anzeni kuitafuta kabla hamjasikia fununu. Barua ya madai hupungua nguvu uzio ukisha kusimama. Wapelekeni wanafunzi waone mawe ya mipaka kwa macho yao, wayahesabu, wachore ramani na kuitia tarehe. Somo la uraia litakuwa limefundishwa vyema kuliko kukariri kazi za mwakilishi wa wadi kwa nambari. Siku bunge la kaunti linapojadili masuala ya ardhi au bajeti, pelekeni darasa moja likasikilize. Hawatahitaji kusema neno.

Nanyi wanafunzi, msidharau barua zenu. Ile niliyoletewa ningali ninayo. Karatasi imekuwa ya manjano na wino umefifia, lakini swali lake linasomeka. Walioiandika sasa ni watu wazima, na pengine wana watoto wanaosoma katika shule ile ile, wanaocheza kandanda kando ya barabara wakiyakwepa magari. Mahali pa uwanja pana maduka.

Nimechelewa kuwajibu, lakini majuto huja kinyume, na jibu lililochelewa ni afadhali kuliko kimya. Mliuliza uwanja wenu umekwenda wapi. Ulikuwa mikononi mwangu kama amana, nami niliutoa kwa mkono wangu wa kulia, katika kikao halali, bila kulazimishwa na mtu. Nawaomba radhi.

Kwa mwalimu na mwanafunzi anayesoma makala haya kwenye shule ambayo bado ina uwanja, ninalo swali moja la kumwachia. Hati ya uwanja huo ina jina la nani?