Gari la kifahari: ni nani hasa analilipia?

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba wake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wasomaji, Ijumaa moja baada ya swala alitufuata ndugu mmoja, mtumishi wa ofisi na baba wa watoto wanne. Baada ya kutoleana salamu alisema: "Sheikh, swali langu ni fupi. Nimeweka akiba ya shilingi milioni 60. Gari ninalolitaka, jipya kabisa, ni milioni 120. Benki inayofuata sheria zetu iko tayari kunisaidia nusu iliyobaki. Je, ni halali?"

Tulimjibu kuwa mkataba ukiwa umetimiza masharti yake, kununua gari kwa njia hiyo ni halali. Uso wake ukang'aa, akageuka kwenda zake. Tukamshika mkono na kumuuliza: "Na mama watoto anasemaje, mwanangu?" Akatazama chini. Hakuwa amemwambia.

Kimya kile ndicho kilichotufanya tuandike makala haya. Watu wengi hutuuliza kama kitu ni halali, nasi tukisema ndiyo, wanadhani uamuzi umekwisha. Kumbe halali ni mlango tu. Baada ya kuupita mlango huo, mtu mwenye busara bado anatakiwa kujiuliza kama jambo lenyewe lina maslahi kwake na kwa wale ambao Mwenyezi Mungu amewaweka chini ya dhima yake.

KIPANDO KIZURI NI NEEMA

Tuanze kwa kusema wazi kwamba Uislamu haukumtaka muumini aishi katika dhiki ya kujitakia. Katika Suratun Nahl, Mwenyezi Mungu anawataja farasi, nyumbu na punda kuwa ni neema Yake kwetu, tuwapande na wawe pambo, kisha anatukumbusha kuwa huumba tusivyovijua. Pambo limetajwa hapo pamoja na kazi, wala halikulaumiwa. Na katika Hadithi aliyoipokea Saad bin Abi Waqqas (r.a.), Mtume (s.a.w.) amekihesabu kipando kizuri miongoni mwa mambo manne ya furaha ya mtu, pamoja na mke mwema, nyumba yenye nafasi na jirani mwema. Kipando kibaya nacho kimehesabiwa miongoni mwa mambo ya taabu.

Kwa hiyo baba mwenye uwezo, anayemwacha mkewe apande bodaboda na watoto wawili katika mvua ya masika ilhali fedha zimelala benki, asidhani kuwa huko ni kuipa dunia mgongo. Huo ni ubahili, na Kitabu chetu kimeukataza mkono uliofungwa shingoni kama kilivyoukataza mkono uliokunjuliwa wote. Suratul Furqan imewasifu waja ambao matumizi yao husimama katikati, si israfu wala si uchoyo. Taabu yetu ni kwamba kila mtu huamini kuwa yeye ndiye aliye katikati. Ndiyo maana hapana budi tushike kalamu tupige hesabu.

BEI YA DUKANI SI BEI YA GARI

Tuchukue mfano wa ndugu yetu yule. Gari la milioni 120 likishatoka dukani na kuandikishwa, si jipya tena. Ni jambo la kawaida gari jipya kupoteza kiasi cha asilimia 20 ya thamani yake katika mwaka wa kwanza. Kwa gari hili, hiyo ni milioni 24. Zigawe kwa siku za mwaka, utapata zaidi ya shilingi 65,000 kila siku, liwe limetembea au limelala chini ya mwembe. Mwenye gari haoni fedha hizo zikitoka mfukoni, naye huzigundua siku anapotaka kuliuza.

Juu ya hapo kuna bima. Anayenunua kwa msaada wa benki hulazimika kukata bima kubwa, nayo hupigwa kwa asilimia ya thamani ya gari. Tukikadiria asilimia 3.5, mwaka wa kwanza peke yake ni milioni 4 na laki 2, kabla ya kodi. Kisha kuna deni lenyewe. Tuseme benki imeliuza gari kwa faida ya milioni 20, deni likawa milioni 80 kwa miezi 48. Hiyo ni takriban shilingi 1,667,000 kila mwezi kwa miaka minne, kabla ya kutia lita moja ya mafuta.

Sasa tuweke pembeni yake gari lililotumika, kama yale yanayoshushwa katika bandari ya Dar es Salaam kutoka Japani, ambalo pamoja na kodi limemfikia mnunuzi kwa milioni 35. Si kwamba gari la namna hiyo halina gharama. Huku Bara lina ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa kulingana na ukubwa wa injini, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Likiwa limetimiza miaka minane na kuendelea, huongezewa ushuru kwa ajili ya uchakavu wake. Kwa hiyo anayekimbilia gari kuukuu kwa sababu bei yake kule Japani ni ndogo, asisahau kuuliza kodi yake kabla hajatuma fedha. Fundi naye atataka haki yake, maana gari lililotumika lina matengenezo zaidi kuliko jipya.

Basi tufanye uadilifu katika mizani. Tuseme baada ya miaka 5 gari jipya limebaki na nusu ya thamani yake: limepoteza milioni 60. Lile lililotumika limeshuka kutoka milioni 35 hadi 20: limepoteza milioni 15. Tuliongezee gharama ya fundi, milioni 3 kila mwaka zaidi ya lile jipya, nayo ni milioni 15 nyingine. Jumla milioni 30. Tofauti kati ya magari mawili ni milioni 30, na ukiingiza ile faida ya benki inakuwa milioni 50. Hesabu hii ni ya mfano, na kila mtu aiandike upya kwa tarakimu zake. Lakini aiandike. Anayekwepa kuiandika mara nyingi huwa anajua jibu lake.

DENI NA MLANGO WA MSIKITI

Katika jambo hili hatusemi kwa kusoma vitabuni tu. Zaidi ya miaka ishirini iliyopita, tulipokuwa tunasomesha, sisi wenyewe tuliingia katika mtego huu. Tulikuwa na gari dogo lililotutosha. Wenzetu wakaanza kununua magari makubwa, na tukajiambia kuwa mtu anayealikwa kutoa mawaidha mikoani anahitaji gari la heshima. Tukaliuza lile dogo, tukakopa kwa jamaa wawili na kwa mzee mmoja jirani yetu, tukanunua. Riba haikuwamo, nasi tulijipongeza kwa hilo. Wahenga walikuwa wamekwisha kutuonya tusiache mbachao kwa msala upitao, lakini siku hiyo hatukuwasikia.

Ndani ya miezi sita, mafuta na vipuri vya gari lile vilikuwa vinakula theluthi ya mshahara. Ahadi za kulipa zikaanza kusogezwa. Mtume (s.a.w.) alikuwa akijikinga kwa Mola wake dhidi ya deni katika swala yake, na alipoulizwa sababu, alieleza kuwa mwenye deni husema akadanganya, na huahidi akavunja ahadi. Tulikuwa tumeifundisha Hadithi hiyo mara nyingi. Mwaka ule tuliielewa. Mzee jirani yetu alikuwa akiswali karibu na mlango wa mbele, nasi tukaanza kutumia mlango wa nyuma. Tunakiri hilo kwa haya: tulikuwa tukichagua mlango wa msikiti ili tusikutane na muumini mwenzetu.

Hatimaye tuliliuza gari lile kwa hasara, tukamlipa kila mtu. Tulipompelekea mzee fedha zake alizipokea kwa upole, akasema: "Sheikh, sikukudai kwa sababu nakuheshimu. Ila mjukuu wangu alipata nafasi ya shule mwaka jana, ikampita kwa kukosa ada." Hakusema zaidi ya hayo. Mzee yule amekwisha kutangulia mbele ya haki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Fedha tulirudisha zote. Mwaka wa yule mtoto hatukuweza kuurudisha.

Tangu siku hiyo, mtu akituuliza kuhusu gari la kifahari, sisi humuuliza: ni nani hasa analilipia? Jina katika kadi ni la baba, lakini huenda mlipaji ni binti ambaye ada yake itachelewa, au mama mzazi kijijini ambaye dawa zake zitapunguzwa, au mdai anayeona haya kudai. Kukopa harusi, kulipa matanga, na mara nyingine matanga huwa ya mtu asiyealikwa harusini.

Kwa walio na benki zisizo na riba, kama tulivyonazo hapa nchini, wamshukuru Mwenyezi Mungu. Katika murabaha, benki hulinunua gari kwanza na kulimiliki, kisha humuuzia mteja kwa bei inayojulikana pamoja na faida yake, na bei hiyo haiongezeki hata akichelewa. Hilo linaondoa riba. Haliondoi deni. Mtume (s.a.w.) alipata kuletewa jeneza la mtu mwenye deni akajizuia kumswalia, mpaka Abu Qatada (r.a.) alipojitolea kulibeba deni lile. Na hakuna aliyesema kuwa deni lile lilikuwa la riba.

ZAKA ILIYOSAHAULIWA

Lipo jambo jingine tulilomkumbusha ndugu yetu. Gari la matumizi ya nyumbani halitolewi zaka. Lakini fedha zinazowekwa kwa nia ya kununua gari ni fedha kama nyingine. Zikifikia kiwango cha nisabu, ambacho kwa dhahabu ni gramu 85, na zikapitiwa na mwaka, zaka yake ni asilimia 2.5. Kwa milioni 60, hiyo ni milioni moja na nusu kwa mwaka. Alituambia kuwa akiba yake ina miaka mitatu na hajapata kuitolea hata shilingi moja, kwa kuwa alidhani "ni hela ya gari". Ndugu Waislamu, katika milioni hizo 60 kulikuwa na haki ya mafukara aliyotaka kuifanya matairi.

MIZANI YA NYUMBANI

Kabla ya kutia saini, tunazinasihi familia ziketi pamoja, mume na mke, na watoto waliokomaa. Waulizane: kwa wiki moja tunakwenda wapi na wapi, tukiwa wangapi? Barabara yetu ni ya lami au ya mashimo? Je, kuna mgonjwa au mzee wa kubebwa? Gari hili litafanya kazi gani ambayo la bei nafuu haliwezi? Mshahara ukikatika miezi mitatu, nani atalipa? Na la mwisho, ambalo kila mtu alijibu peke yake usiku: lau gari hili lisingeonekana na mtu yeyote isipokuwa sisi tulio ndani yake, tungelinunua?

Wako ambao baada ya maswali haya watanunua jipya, na watakuwa wamefanya sawa. Mfanyabiashara anayesafiri mikoani kila wiki, asiye na deni, aliyetoa zaka na kuwatimizia wazazi wake, akichagua gari jipya kwa usalama wa roho yake, hana lawama. Mwenyezi Mungu hupenda kuona athari ya neema Yake kwa mja Wake. Lakini hata huyo ailinde nafsi yake. Imepokewa kuwa Sayyidna Umar (r.a.) alipokwenda Sham alipewa farasi wa fahari ampande. Farasi akaanza kutembea kwa mikogo, na Umar akahisi moyo wake ukibadilika. Alishuka papo hapo, akarejea kwenye ngamia wake. Tuzingatie kuwa farasi yule alikuwa halali, na alikuwa wa bure.

Ndugu yetu alirudi baada ya wiki tatu, safari hii na mkewe. Mama yule alitueleza kwa adabu kuwa gari alilolichagua mumewe lina viti vitano, na wao wako sita, mbali na bibi yao anayekuja kutoka Tanga kila anapotakiwa hospitali. Mumewe alicheka kwa haya. Tukamuuliza wamefikia wapi.

"Gari bado, Sheikh," alisema. "Lakini zaka nimeshatoa, ya miaka yote mitatu."

Tukawaombea dua wote wawili. Tunamuomba Mwenyezi Mungu aturuzuku vipando vya kheri, atuepushe na deni lisilolipika na fahari inayoharibu nyoyo, na atujaalie tuwe wenye kushukuru kila tunapopanda na kila tunaposhuka. Amin.

Wabillahi tawfiq.