Varoa na Nyuki Wakali wa Uluguru

Mfugaji wa nyuki anayetundika mizinga yake katika miteremko ya Uluguru, juu ya mji wa Morogoro, amerithi kwa wazee wake elimu ya kupambana na maadui wa tangu na tangu: siafu wapandao usiku kwa majeshi, nyegere abomoaye mzinga kwa kucha, na nondo ambaye viwavi wake hutafuna nta; na kila mmoja ana hila yake, kwani mzinga huning'inizwa kwa waya, waya ukapakwa grisi au oili chafu, na masega makuukuu yakaondolewa mapema. Walakini adui aliyegunduliwa Tanzania na Kenya mwanzoni mwa mwaka 2009 hazuiliki kwa waya wala kwa grisi, maana husafiri juu ya mwili wa nyuki mwenyewe.

Huyo ni utitiri uitwao varoa. Asili yake ni kwa nyuki wa Asia, waliozoeana nao tangu dahari; lakini binadamu walipowapeleka huko nyuki wa Ulaya, utitiri ulipata mwenyeji asiye na kinga, na biashara ya nyuki ikaueneza karibu ulimwengu mzima, hata ukafika Afrika Kusini mwaka 1997. Jike hujipenyeza katika kijumba cha sega muda mchache kabla ya kuzibwa kwa nta, akataga humo, na yeye na watoto wake wakajilisha kwa mwili wa nyuki mchanga, ambaye aghalabu hutoka dhaifu, na pengine mbawa zimekunjamana kwa maradhi ya virusi. Mwenye kutaka kuuona na achukue mwiba mwembamba, afunue kijumba cha nyuki dume, amtoe taratibu mchanga yule mweupe: ukiwapo, utaonekana ubavuni mwake, mwekundu wa kahawia, mithili ya punje ya ulezi, nao unatambaa.

Varoa imekwisha kuingia kwetu, na ajabu ni kwamba haikuleta maangamizi yaliyohofiwa: uchunguzi uliofanywa Kenya mwaka 2010 uliukuta utitiri karibu kila mahali isipokuwa kaskazini ya mbali, na makundi ya nyuki hayakuonekana kupungua nguvu kwa ajili yake.

Sababu ni tabia za nyuki wetu wakali, baadhi yake zile zile tunazozilalamikia. Husafishana kwa bidii, hutupa nje wachanga walioambukizwa, hugawanyika mara kwa mara, na wakichukizwa huhama wote, wakauacha nyuma utitiri uliojificha katika vijumba vilivyozibwa. Kwa hiyo naona ni hatari kubwa kuwaleta malkia wa kigeni kwa sababu tu ni wapole, na si busara kukimbilia dawa za kuulia utitiri, ambazo baadhi yake huganda katika nta, bidhaa ambayo nchi yetu huiuza ng'ambo. Fauka ya hayo, dawa huyahifadhi makundi dhaifu ambayo yangekufa bila ya kurithisha udhaifu wao.

Lililo jema ni kupima. Nyuki wapatao 300, yaani nusu kikombe, hutiwa katika chupa yenye kifuniko cha wavu pamoja na sukari iliyosagwa laini kama unga, wakasukwasukwa kwa upole, kisha sukari ikapepetwa juu ya sahani nyeupe na utitiri ukahesabiwa. Nyuki hurudishwa mzingani wazima, wenzao wakawalamba. Hesabu hiyo iandikwe kwa kila mzinga, msimu baada ya msimu, na kundi litakalodumu na utitiri mchache na asali nyingi ndilo la kugawanywa, lijaze mizinga iliyo mitupu.