Nani Anakumbuka Mipangilio ya Seva ya Nongwe?

Mji wa Gairo uko kwenye barabara kuu ya Morogoro–Dodoma, njia ambayo mkongo wa taifa wa mawasiliano nao unaifuata. Ukiiacha lami ukapanda milima ya Ukaguru kuelekea Nongwe, mambo yanabadilika: mtandao unakuja na kupotea, umeme vilevile, na masika yakikolea bodaboda wenyewe wanakataa safari.

Tuseme halmashauri ya namna hii ina seva kumi za Linux, moja hospitalini na nyingine kwenye vituo vya afya vilivyotawanyika. Kila seva imebeba mfumo wa kituo, wa aina ya GoTHOMIS ya TAMISEMI. Mapokezi, maabara, dawa na malipo vyote vinaitegemea. Afisa TEHAMA ni mmoja. Atazisasishaje?

Wengi hutumia mkono. Unaingia kwa SSH, unaandika sudo apt update, kisha sudo apt upgrade, unasubiri, unahamia nyingine. Seva zikiwa mbili, hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Zikiwa kumi, balaa huanzia pale apt inaposimama katikati kuuliza: faili hili la mipangilio limeguswa na mtu tangu liliposakinishwa, na kifurushi kipya kimekuja na la kwake; tutumie lipi? Ukijibu Y, jipya linakaa na la zamani linasogezwa pembeni kwa mkia wa .dpkg-old. Ukijibu N, au ukibonyeza Enter tu, la kwako linabaki na jipya linawekwa kwa mkia wa .dpkg-dist. Herufi D inakuonyesha tofauti zake, na ndiyo isiyobonyezwa kamwe. Fundi aliyechoka atajibu Y kwa seva ya Chakwale na N kwa ya Iyogwe. Wiki mbili baadaye hifadhidata ya Chakwale inajikokota, kwa kuwa kumbukumbu iliyotengewa imerudi kiwango cha awali, na aliyeiongeza mwaka juzi amehamishiwa wilaya nyingine.

Ubuntu Server ina programu iitwayo unattended-upgrades, inayoweka viraka vya usalama bila kusimamiwa. Naitetea kwa nguvu zote, ila mtu aielewe kabla ya kuiamini. Ratiba yake ya kawaida ni saa 12 asubuhi, na huongeza dakika kadhaa za kubahatisha, zisizozidi 60. Seva iliyokuwa imezimika saa hiyo kwa kukosa umeme haisamehewi zamu: inaitimiza ikishawashwa, pengine saa 3 asubuhi, foleni ya wagonjwa ikiwa imefika mlangoni. Na ikikutana na kifurushi chenye swali lile la faili la mipangilio, inakiruka, kisha inaandika habari hiyo ndani ya /var/log/unattended-upgrades. Asiyesoma logi hizo ataamini seva yake iko salama, kumbe tundu limekaa wazi miezi kadhaa.

Kwa hiyo ugonjwa wenyewe si masasisho. Ni kwamba hali inayotakiwa ya kila seva imo kichwani mwa mtu.

Dawa yake ina umri. Mwaka 1993 Mark Burgess, akiwa Oslo, alitengeneza CFEngine, programu ya kusimamia mipangilio ya seva. Puppet ikafuata mwaka 2005, na Ansible mwaka 2012. Wazo linalobeba zote ni moja: andika unachotaka kiwe, usiandike hatua za kukifikia. Ukimwambia mtoto amwage ndoo mbili mtungini, akirudia agizo maji yatamwagika sakafuni. Ukimwambia mtungi ujae, akiukuta umejaa ataondoka zake. Faili la Ansible hutamka vivyo hivyo: kifurushi hiki kiwepo, mstari huu uwemo kwenye mipangilio ya hifadhidata, huduma hii iwe inafanya kazi. Likiandikwa vizuri, liendeshe mara mia. Seva iliyokwisha kuwa sawa haiguswi.

Ansible kwa kawaida husukuma: kompyuta ya ofisini inaziingilia seva kwa SSH na kutoa maagizo. Ni njia nzuri kwa chumba cha mitambo Dar es Salaam. Kwa milima ya Ukaguru naikataa, maana ukisukuma saa 4 na mnara wa Nongwe umelala, seva hiyo imeachwa nyuma hadi utakapokumbuka. Afadhali seva ivute yenyewe. Ansible ina amri ya ansible-pull: kila seva, kwa ratiba yake, inachukua mafaili kutoka hifadhi ya git iliyoko ofisini Gairo na kujirekebisha. Mtandao ukikosekana leo, itajaribu tena kesho. Puppet huvuta tangu asili, kila baada ya dakika 30. Nywila tu zisiwekwe wazi ndani ya git; zifungwe kwa ansible-vault.

Bando nalo lina uzito wake. Kifurushi cha linux-firmware peke yake kinapita megabaiti 200 kwenye matoleo ya karibuni ya Ubuntu. Hospitalini, kwenye mashine nyingi, weka apt-cacher-ng ili kila kifurushi kipakuliwe mara moja tu. Kituo cha mbali kipelekewe diski yenye nakala kamili ya hazina ya vifurushi. Hakuna aibu hapo: apt hukagua sahihi ya hazina hata ikitoka kwenye diski. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na intaneti ya Afrika Mashariki kuyumba, mwenye nakala yake ndani ya jengo aliendelea na kazi.

Usikimbilie pia kila kilicho kipya. Machi 2024 mhandisi wa programu Andres Freund aligundua mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubana mafaili, matoleo 5.6.0 na 5.6.1, baada ya kuona SSH inachelewa kama nusu sekunde. Debian ya majaribio ilikuwa imekwisha kuyapokea. Debian thabiti haikuguswa. Kituoni tumia toleo thabiti na viraka vyake vya usalama, uanze na seva moja, uikague siku chache, ndipo zifuate nyingine.

Jioni wagonjwa wakipungua, andika lsb_release -d kwenye seva ya kituo chako. Ikikujibu 20.04, msaada wake wa kawaida uliisha Mei 2025. Iandikishe Ubuntu Pro iendelee kupata viraka, au panga kuihamishia toleo jipya kabla barabara ya Nongwe haijaharibika kwa mvua.