Saa ya Somo Nyumbani

Katika mwezi wa Machi, 2020, yalipoingia maradhi ya Korona, Kenya na Tanzania zilifunga vyuo vikuu. Tanzania ilivifungua tena Juni 1. Vya Kenya vilikawia zaidi, na vingi vikashika kusomesha kwa intaneti. Hapo nyumba ikawa darasa. Mwenye umeme na kompyuta alisoma. Aliyekuwa shamba, mtandao haumfikii, alipitwa.

Hilo mzazi peke yake haliwezi. Lakini liko jambo lililo mikononi mwetu. Mtoto wa kiume alipokaa na simu, tulisema, "Mwacheni, yumo darasani." Dada yake alipokaa na yake, tulimwita jikoni: mwalimu asomesha, naye akoroga uji. Mtihani ulipokuja, wote wawili waliulizwa maswali yale yale. Je, huo ndio uadilifu?

Sasa maradhi yametulia na vyuo vi wazi, wala masomo ya mtandao hayakuondoka. Basi, ndugu Waislamu, saa ya somo ya binti na iheshimiwe kama ya nduguye. Uji haukatai kukorogwa na mvulana, na kutafuta elimu ni faradhi kwetu sote, wake kwa waume.