Barua na daftari nazo ni kazi ya mwandishi

MUULIZE katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa kama yeye ni mwandishi, atacheka. Kwake, mwandishi ni mtu aliyechapisha kitabu. Hata hivyo, kila wiki katibu huyo huandika muhtasari wa kikao: nani kasema nini, nani kakopa kiasi gani na ubishi uliishaje. Akikosea neno moja, wanachama watagombana mwezi mzima.

Hali ni hiyo hiyo kwa dereva wa lori anayetoka Mombasa kwenda Kigali na kumwandikia mkewe ujumbe kila afikapo mpakani, au mwanafunzi aliyepewa kazi ya kuandaa risala ya mgeni rasmi. Wote huchagua maneno, huyapanga na kumfikiria atakayeyasoma. Mwandishi wa vitabu naye hufanya hivyo hivyo.

Shaaban Robert, anayehesabiwa miongoni mwa mabingwa wakubwa wa Kiswahili, alikuwa karani wa forodha nchini Tanganyika tangu mwaka 1926 hadi 1944. Pamoja na mashairi na hadithi, alimwandikia barua ndugu yake, Yusuf Ulenge, kwa miaka mingi. Zilikuwa barua za ndugu kwa ndugu. Leo zinasomwa katika kitabu cha Barua za Shaaban Robert 1931–1958.

Nchini Brazil, Carolina Maria de Jesus alisoma shule miaka miwili tu. Aliishi katika mtaa wa mabanda jijini São Paulo, akiokota karatasi na kuziuza ili awalishe watoto wake watatu. Katika madaftari aliyoyaokota, aliandika habari za kila siku: njaa, foleni ya maji, ugomvi wa majirani. Mwaka 1960 shajara hiyo ilichapishwa, ikauzwa sana na kutafsiriwa katika lugha nyingi.

Naye Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, alianza kuandika akiwa kijana mkimbizi wa miaka 21 nchini Uingereza.

Katika nchi zetu, wengi wanazuiwa na woga wa lugha. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, na Baraza la Mawaziri la Uganda likafuata mwaka 2022. Lakini bado wapo wanaosema Kiswahili chao ni cha sokoni, hakifai kuandikwa. Makosa ya sarufi husahihishwa na mhariri. Habari isiyoandikwa haina wa kuisahihisha.

Tatizo jingine ni kutunza. Zamani barua ziliwekwa katika sanduku chini ya kitanda. Siku hizi maneno mengi yamo ndani ya simu, na simu ikiibwa au ikiharibika, huenda nayo. Daftari la kurasa 48 halihitaji umeme. Anayeanza aandike tarehe, mahali, na jambo moja aliloliona siku hiyo, kisha alihifadhi mbali na mvua na mchwa.

Yusuf Ulenge alizitunza barua za ndugu yake. Angezitumia kuwashia jiko, hakuna ambaye angezisoma leo.